Majira ya baridi: Vitu vya kuweka ndani ya gari kabla theluji haijakukuta njiani

Novemba ikikaribia, wasikilizaji wetu wanaoishi Minnesota, Iowa, Maine, Ontario na kwingineko kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada huanza kuulizana maswali yale yale. Ninunue matairi gani? Breki nizishike vipi kwenye barafu? Hili gari langu kuukuu litawaka saa kumi alfajiri ili niwahi zamu? Ni maswali mazuri. Lakini lipo swali jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: gari likisimama njiani, theluji inaanguka, na msaada haufiki kwa saa 6, 10 au hata 20, ndani ya gari una nini?

Makala haya yanaeleza vitu vya kuweka kwenye gari wakati wa baridi, sababu ya kila kimoja, na mahali pa kukiweka. Jambo la msingi ni hili: vitu hivi kazi yake kubwa si kukutoa kwenye theluji. Kazi yake ni kukuweka hai wakati unawasubiri watakaokuja kukutoa. Ukilishika hilo, utajua cha kununua, cha kuchukua nyumbani, na cha kuacha dukani.

Dhoruba tatu, mafunzo matatu

Februari 1978 dhoruba kubwa ya theluji iliipiga Massachusetts. Kwenye barabara ya Route 128, inayozunguka mji wa Boston, magari zaidi ya 3,000 yalikwama. Theluji iliendelea kuanguka na upepo ukaisukuma hadi ikafunika magari. Wengi waliobaki ndani waliwasha injini ili wapate joto. Watu 14 walikufa kwenye barabara hiyo, na kilichowaua hakikuwa baridi. Ni moshi wa magari yao wenyewe.

Januari 2022, mambo yalikuwa tofauti huko Virginia. Theluji na ajali za malori zilifunga barabara kuu ya I-95 kwa umbali wa zaidi ya kilomita 70, na madereva wakakaa humo usiku kucha. Miongoni mwao alikuwamo Seneta Tim Kaine, aliyekuwa akielekea Washington. Safari yake ya kawaida ya saa 2 ilimchukua saa 27. Alikuwa akiwasha injini gari lipate joto, kisha anaizima. Familia moja iliyokuwa ikirudi kutoka Florida ilipita ikigawa machungwa kwa waliokwama. Seneta mzima, mwenye gari zuri na simu mkononi, alishukuru kupata chungwa.

Mwaka huo huo, kuanzia Desemba 23, dhoruba iliushukia mji wa Buffalo, jimbo la New York. Buffalo ni mji ambao familia nyingi kutoka Kongo zimepata makazi. Upepo ulizidi kilomita 110 kwa saa na theluji iliyopeperushwa ikawa ukuta mweupe. Dereva haoni hata boneti ya gari lake. Zaidi ya watu 40 walifariki katika kaunti ya Erie, wengine ndani ya magari, wengine nje wakitembea, wengine majumbani. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa nayo yalikwama, hivyo waliopiga simu kuomba msaada hawakufikiwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tuna mafunzo matatu. Moshi unaweza kukuua kabla ya baridi. Kukwama saa 24 kunaweza kumpata yeyote, hata mahali ambapo theluji si nyingi kila mwaka. Na kuna siku ambapo namba ya dharura itapokelewa lakini gari la msaada halitaweza kufika.

Gesi ile ile ya jiko la mkaa

Watu wa kwetu wanaifahamu hatari hii kwa jina jingine. Anayetoka Njombe, Makete au Limuru amewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na asubuhi hawakuamka. Gesi iliyowaua inaitwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hiyo inatoka kwenye bomba la moshi la gari.

Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hadi kwenye mapafu, inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha kupeleka kwenye ubongo na moyo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Mtu aliyetoka zamu ya usiku anaweza kudhani ni uchovu tu, akaegemea kiti na kusinzia. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi.

Kwenye barabara ya kawaida moshi huo unapotelea hewani. Gari likizungukwa na theluji, bomba linaziba au moshi unakosa pa kwenda, unarudi chini ya gari na kupenya ndani. Ndiyo maana kifaa cha kwanza katika orodha yetu ni beleshi. Wengi hudhani beleshi ni la kuchimbulia magurudumu. Ukikwama kwenye dhoruba, kazi yake ya kwanza ni kusafisha bomba la moshi, tena kila mara kabla ya kuwasha injini, kwa sababu theluji iliyoondolewa saa moja iliyopita huwa imesharudi.

Kwa sababu hiyo pia, usiwashe gari likapashe joto ndani ya gereji iliyofungwa. Hata mlango wa gereji ukiwa wazi, litoe gari nje kwanza.

Baridi inavyofanya kazi mwilini

Baridi ya Minnesota mwezi Januari si ya kuvaa sweta moja. Usiku wa nyuzi joto 20 za Selsiasi chini ya sifuri si jambo la ajabu huko. Upepo ukiongezeka, mwili unapoteza joto haraka zaidi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inatoa mfano huu: nyuzi 18 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30.

Vidole, masikio, pua na mashavu ndivyo huanza. Ngozi inapauka au kuwa ya kijivu, inakuwa ngumu, kisha haihisi kitu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi si rahisi kuyaona, kwa hiyo angalia zaidi ganzi na ugumu. Usiisugue sehemu hiyo, wala usiisugulie theluji kama wengine wanavyoambiana. Weka vidole kwapani, vipate joto polepole.

Hatari ya pili ni joto la mwili mzima kushuka chini ya nyuzi 35. Mtu anatetemeka sana, anazungumza kama mlevi, anaangusha vitu. Akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, usidhani amepata nafuu. Ni dalili kwamba mwili unaishiwa nguvu. Na pombe haisaidii. Inaleta hisia ya joto kwa sababu inasukuma damu kwenye ngozi, na kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Hapa ndipo tabia moja ya wengi inapohitaji kubadilika. Kwa kuwa gari lina hita, mtu anatoka nyumbani na raba na koti jepesi, maana ni kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi mlango wa kiwanda. Vaa au beba nguo za mahali ambapo gari linaweza kusimama. Usivae za mahali unapokwenda tu.

Vitu vya kuweka karibu na kiti

Watu wengi huweka kila kitu kwenye buti. Tatizo ni kwamba mlango wa buti unaweza kuganda, au ukafunikwa na theluji, au ukawa umegongwa na gari la nyuma. Ugawe mzigo wako sehemu mbili. Vitu vya kuokoa maisha vikae ndani, pale unapoweza kuvifikia bila kufungua mlango wa nje.

Beleshi dogo, la kukunja au la mpini mfupi. Liweke chini ya kiti au nyuma ya kiti cha dereva.

Blanketi moja kwa kila mtu anayesafiri kwenye gari. Hili ni muhimu kwa wale wanaochangia gari kwenda kazini. Ukibeba wenzako wanne kwenda kiwandani, blanketi moja si la watu watano. Kila abiria awe na koti lake, kofia ya sufu, glavu na soksi kavu. Shuka nzito ya Kimasai uliyokuja nayo kutoka nyumbani inafaa kabisa. Kinachotakiwa ni kuzuia joto lisitoke, si jina la duka.

Maji na chakula. Maji yataganda, kwa hiyo usijaze chupa hadi mdomoni. Acha nafasi ili barafu ikitanuka isiipasue, kisha izungushie blanketi. Kama safari ni ndefu, beba pia chai ya moto kwenye chupa ya chai. Chakula kiwe cha kukaa muda mrefu na chenye mafuta au sukari: karanga, tende, korosho, biskuti. Mwili unahitaji chakula ili utengeneze joto. Usile theluji kuondoa kiu, kwa sababu mwili unatumia joto lake kuiyeyusha.

Tochi yenye betri mpya, na betri za akiba. Betri ndogo nazo hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo zikague kila mwezi.

Chaja ya simu ya kuchomeka kwenye gari, pamoja na pawabenki iliyojaa. Simu iliyokaa kwenye baridi inaweza kuzima hata kama ilikuwa na chaji. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kitambaa cha rangi kali, hasa chekundu, cha kufunga kwenye antena au dirishani, na filimbi. Kwenye ukungu wa theluji gari jeupe au la kijivu halionekani, na dereva wa greda la kusafisha barabara anahitaji kujua kwamba ndani yake kuna watu.

Dawa unazotumia kila siku, za kutosha siku moja au mbili. Usiziache zilale kwenye gari, kwa maana nyingine, kama insulini, huharibika zikiganda. Zibebe kwenye mkoba wako kila unapotoka.

Mfuko wa huduma ya kwanza, karatasi za chooni na mfuko wa plastiki. Saa 20 ni nyingi, na hutaki kutoka nje kwenye dhoruba kwa ajili ya haja ndogo.

Vitu vya kuweka kwenye buti

Hivi ni vya kukusaidia gari likigoma au likiteleza wakati hali ya hewa bado inaruhusu kutoka.

Waya za kubusti betri. Betri ya gari hutegemea kemikali, na kemikali hufanya kazi polepole kwenye baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito, hivyo injini inahitaji nguvu nyingi zaidi ili iwake. Betri iliyokuwa inasumbua kidogo mwezi Septemba itakuangusha Januari. Angalizo: betri iliyoganda isibustiwe, kwa sababu inaweza kupasuka. Ukiona imevimba au imepasuka, iache na umwite fundi.

Mchanga mkavu, au chumvi ya kuyeyushia barafu, kiasi cha ndoo ndogo. Gurudumu likizunguka bila kwenda, mwaga mchanga mbele yake. Hata mazulia ya gari yanaweza kusaidia kwa dharura.

Kamba ya kuvutia gari, yenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lako. Usifunge popote unapoona chuma. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali pake.

Pembetatu za tahadhari au taa za kuwaka, kikwangulio cha barafu, brashi ya kufutia theluji, na galoni ya maji ya kuoshea kioo yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi. Maji ya bomba yataganda kwenye mipira na kuacha kioo kikiwa cheupe ukiwa kasi.

Ukishasafisha kioo cha mbele, safisha na paa. Theluji iliyobaki juu huteleza na kukufunika kioo ukishika breki, au humwangukia dereva aliye nyuma yako.

Gari lenyewe ni sehemu ya maandalizi

Blanketi kumi hazitasaidia kama tangi ni tupu. Wakati wa baridi, nusu tangi ichukulie kuwa ndiyo tupu yako: ikifika hapo, jaza. Mafuta ndiyo yatakayokupa hita usiku kucha, ukiyatumia kwa mpango.

Kagua upepo wa matairi kila mwezi. Kwa kila nyuzi joto 5 au 6 zinazoshuka, tairi hupoteza takribani PSI 1. Tairi ulilojaza wakati wa joto litakuwa limelegea bila kupata pancha. Kagua pia kulanti, taa na waipa, na mwombe fundi apime betri kabla Desemba haijafika. Maduka mengi ya vipuri Marekani hupima betri bila malipo.

Mwenye gari la umeme hana bomba la moshi la kumtia wasiwasi, na anaweza kutumia hita bila hatari ya gesi ya gari lake. Lakini baridi hupunguza umbali ambao betri yake inaweza kwenda, kwa hiyo kanuni ya nusu tangi inamhusu yeye pia: asiache chaji ishuke sana kabla ya safari. Joto la kiti hutumia umeme kidogo kuliko hita ya gari zima.

Mkiwa na watoto

Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na hawezi kukueleza kwamba vidole vimekufa ganzi. Ongeza nepi, maziwa, na nguo kavu za kubadilisha.

Jambo moja linalowakuta wazazi wageni: usimfunge mtoto mkanda wa kiti chake akiwa amevaa koti nene lililojaa hewa. Ajali ikitokea koti linabonyea, mkanda unalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ukaze vizuri, kisha mfunike koti au blanketi kwa juu.

Ukikwama: hatua kwa hatua

Kwanza, baki ndani ya gari. Nyumba inayoonekana karibu inaweza kuwa mbali, na ukuta wa theluji ukishuka hutaiona tena, wala hutaliona gari ulilotoka. Gari linakukinga na upepo, na ni rahisi kuonekana kuliko mtu anayetembea. Toka tu ikiwa jengo lenye watu liko karibu kabisa na unaliona waziwazi, au gari liko mahali ambapo litagongwa.

Pili, piga 911 ungali una chaji. Kama Kiingereza kinakupa shida, sema neno "Swahili" na usikate simu. Vituo vingi vya dharura vina wakalimani wanaounganishwa kwa simu. Sema uko barabara gani, unaelekea mji gani, mko watu wangapi, na kama kuna mtoto, mjamzito au mgonjwa. Kwenye barabara kuu za Marekani kuna vibao vidogo pembeni vyenye namba za maili. Zoea kuvisoma unapoendesha, kwa sababu namba hiyo humwambia mwokoaji hasa ulipo. Simu ikigoma kupita, jaribu ujumbe mfupi. Baadhi ya maeneo hupokea ujumbe wa maandishi kwenye 911.

Tatu, funga kitambaa chekundu na uwashe taa za dharura wakati injini inawaka.

Nne, safisha bomba la moshi, kisha washa injini na hita kwa dakika 10 hivi kila saa, halafu zima. Wakati injini inawaka, fungua kidogo dirisha la upande ambao upepo hauupigi, kiasi cha kidole. Unaweza kuona kama unapoteza joto, lakini nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoingiza hewa safi. Mtu akilalamika kichwa au kichefuchefu, zima injini mara moja na fungua madirisha.

Tano, msilale wote kwa pamoja. Pangeni zamu, mmoja awe macho akitazama wenzake na kusikiliza nje. Aliye peke yake aweke kengele ya simu, na asilale kamwe injini ikiwa inawaka.

Sita, jisogeze. Piga makofi, chezesha vidole vya miguu, sogeleaneni chini ya mablanketi. Lakini usitoe jasho. Ukichimba theluji, fanya polepole na upumzike, kwani kazi hiyo ni nzito kwa moyo na nguo zikilowa jasho zitakupoza baadaye.

Na kwa vyovyote vile, usiwashe ndani ya gari jiko la mkaa wala la gesi. Sababu tumeshaieleza.

Gharama, na uamuzi wa kutokwenda

Msikilizaji anaweza kusema hii ni orodha ya watu wenye fedha. Siyo. Ukitazama vizuri, mablanketi, soksi, filimbi, karanga, chupa ya maji, tochi na kitambaa chekundu vingi tayari viko nyumbani. Vya kununua hasa ni beleshi, waya za kubusti, pembetatu na kikwangulio. Watu watano wanaochangia gari wanaweza kuchanga na kuvipata kwa gharama ndogo kuliko kumwita mtu wa kuvuta gari mara moja. Fanyeni hivyo mwezi Oktoba, kabla vitu havijaisha madukani.

Kinachobaki ni kile ambacho hakiuzwi: uamuzi wa kutotoka. Kabla ya safari sikiliza utabiri, na piga 511, namba inayotoa hali ya barabara katika majimbo mengi ya Marekani yenye theluji, yakiwemo Minnesota, Iowa, Maine na New York. Mwambie mtu unapita njia gani na unatarajia kufika saa ngapi, ili usipofika ajue pa kuanzia kukutafuta. Serikali ikipiga marufuku magari barabarani, marufuku hiyo inakuhusu hata kama bosi hajapiga simu. Hili ni gumu kwa aliyehamia karibuni, anayeogopa kupoteza kazi na ana watu wanaomtegemea kule nyumbani. Ndiyo sababu ni vizuri kumuuliza msimamizi wako mapema, kabla ya dhoruba ya kwanza, ni utaratibu gani unatumika siku ambayo barabara zimefungwa, na kuweka namba yake kwenye simu.

Mwisho wa wiki hii, kama uko upande wa baridi, shuka kwenye maegesho ukafungue gari lako. Hesabu viti vinavyokaliwa kila siku, kisha hesabu mablanketi. Tazama kama beleshi unaweza kulifikia bila kutoka nje. Na kama una ndugu aliyewasili mwaka huu, ambaye hii ndiyo theluji yake ya kwanza, msomee makala haya au mtumie, kisha nenda naye mkaangalie na gari lake.